Sarafu Isiyosuguliwa

Kinyozi alikaa kwenye benchi la mthamini wa sarafu, jasho likimtiririka kana kwamba yeye ndiye anayepimwa. Mdogo wake wa kike, fundi cherehani, aliinamia meza, macho hayabanduki kwenye sarafu ya fedha aliyoachiwa na marehemu mama yao. Mama alimrithisha binti, akamkabidhi kaka amtunzie. Fisi akakabidhiwa bucha.

Maana kinyozi alipotaka kufungua kibanda chake cha kunyolea, shetani alimpitia. Alimwomba sonara amtengenezee ya bandia, ikapakwa moshi ili ionekane kuukuu, akazifunga zote mbili kwenye vitambaa vinavyofanana, kisha akamuuzia mpita njia ile ya mama. Ya bandia akaitia kabatini, na tangu hapo hakuthubutu hata kuigusa. Aibu ilimzuia.

Sasa mwenye nyumba alikuwa amemtaka dada ahame, kwa hiyo dada alitaka kuiuza sarafu apate chumba chake mwenyewe cha kushonea. "Kaka, twende wote," alimwambia asubuhi. "Wewe ndiye uliyeitunza." Angekataaje?

Mthamini alikuwa mama mmoja asiye na haraka hata kidogo. Akaijaribu kwa sumaku, haikunasa. Akaiweka kwenye mizani ndogo, akaguna.

"Mbona unaguna, mama?" kinyozi akauliza.

"Tulia, baba. Sarafu haina miguu, haitakimbia."

Akashika lenzi, akausoma mwaka ulioandikwa chini ya kichwa cha mfalme, wa mwanzoni mwa karne iliyopita. Kisha akaanza kutafuta herufi ndogo ya kiwanda kilichoitengeneza. Roho ya kinyozi ikaruka. Herufi hiyo ndiyo iliyomshinda sonara kuiiga, na alimwambia waziwazi. Kinyozi akaanza kutunga uongo kichwani: labda mama mwenyewe alitapeliwa. Kumsingizia maiti! Aliona haya, lakini aliendelea kutunga.

"Herufi hii hapa," mthamini akasema. Akaiegemeza sarafu kwenye ncha ya kidole, akaigonga kwa penseli. Ikatoa mlio mwembamba, mrefu. "Ni halisi. Na mwaka huu zilitengenezwa chache."

Kinyozi akaitazama upya ile sarafu. Kumbe siku ile, kwa kiherehere cha mwizi asiyezoea, alichanganya vitambaa, akamuuzia mpita njia ile ya bandia!

"Nani ameitunza?" mthamini akauliza. "Watu huzisugua kwa mchanga na ndimu ili zing'ae, wakaziharibu. Hii haijaguswa, ndiyo maana bei yake itakuwa kubwa zaidi." Akaitaja. Dada akatafuta kiti, akakaa.

"Ni huyu kaka yangu," akasema, machozi yakimlengalenga. "Mwingine angeshaila zamani." Akaifunga sarafu, akamtilia mkononi. "Kaa nayo mpaka tupate mnunuzi. Kwako ndiko salama."

Kinyozi akaisukuma haraka. "Hapana, mdogo wangu. Kaa nayo mwenyewe. Mimi ni mwizi."

Dada akaangua kicheko, akampiga begani. "Kaka na utani wako!"

Kinyozi hakucheka. Akarudia taratibu, mbele ya mthamini: "Mimi ni mwizi. Nilikuibia." Akarudia tena, mpaka dada akaacha kucheka.