Evalina wa Ziwani

Evalina alisema maji hayaendi popote, nasi tukamwamini. Kati yetu wanne yeye ndiye aliyezaliwa Lamadi, mlango wa kwao ukitazama ziwa. Mimi ni wa Ngulyati. Kwetu maji ni lambo la ng'ombe na mto unaokauka. Mtu wa Lamadi akikueleza habari za maji, unanyamaza.

Tulikuwa Krabi, kusini mwa Thailand. Bahari ilikuwa imesogea mbali na kuacha njia ya mchanga iliyokwenda moja kwa moja hadi kwenye kijisiwa cha mawe, chenye vichaka kichwani. Wazungu walikuwa wakienda huko na kurudi kwa miguu, viatu mkononi.

"Twende," Evalina aliniambia.

Nilitazama nyuma. Rafiki yangu Onesmo na mkewe Benedikta walikuwa chini ya mwavuli wakila tikiti maji. Onesmo alinikonyeza.

"Nenda, Mihayo," alisema. "Sisi wazee tutalinda mabegi."

Nikaenda. Ningekwenda hata kama mwisho wa ule mchanga palikuwa na chatu.

Onesmo na mimi tulikuwa wanunuzi wa pamba. Miaka ile ushirika haukuwa tena mnunuzi pekee. Kampuni za watu binafsi zilishindana njia nzima kutoka Bariadi hadi Nyashimo, kila moja na mizani yake chini ya turubai, na vijana kama sisi, tusio na cheti cha maana, tukapata kazi ya kuzinunulia. Benedikta na Evalina walikuwa na duka la nguo karibu na stendi ya Bariadi. Walikuwa wamekwisha kwenda Bangkok kuchukua mzigo, wakarudi na hadithi zilizomtia Onesmo wivu.

"Mnafika nchi ya watu mnaona soko tu," aliwaambia mwaka ule, msimu wa pamba ulipokwisha vizuri. "Safari hii twende wote. Tutembee kwanza, mzigo baadaye."

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Sikuitaka Bangkok. Nilimtaka Evalina, na muda wangu ulikuwa unakwisha. Muda si mrefu kabla ya hapo watu wa Mwanza walikuwa wamefika Lamadi kwa baba yake, kumposea mtu mwenye malori. Evalina aliomba asafiri kwanza. Akirudi atatoa jibu. Bariadi nzima ilijua. Basi urefu wa safari ile ndio uliokuwa urefu wa nafasi yangu.

Mtu asiulize kwa nini sikuwa nimesema. Mimi si mwoga. Nimegombana na wenye mizani za uongo mbele ya watu, nimemjibu mtendaji wa kata ofisini kwake. Kwenye harusi za Bariadi nasimama bila karatasi na kutoa mashairi mpaka akina mama wanapiga vigelegele. Hakuna aliyenifundisha. Niliyatunga machungani, nikiyarusha kwa sauti kwa wachungaji wa ng'ambo ya bonde, nao wakinijibu. Lakini maneno ya kurushwa ng'ambo ni kitu kimoja. Maneno ya kumwambia mtu aliyekaa karibu yako, unaona hadi vumbi la chaki ya fundi cherehani kwenye vidole vyake, hayo ni kitu kingine.

Bangkok tulipanda pikipiki za magurudumu matatu zenye paa, ambazo wakati ule tulikuwa hatujaziona huku kwetu, Onesmo akishika chuma kwa mikono miwili na kumwita mama yake. Tulivua viatu kwenye mahekalu yenye paa za dhahabu. Wauza matunda walikuwa wakitusalimu kwa kukutanisha viganja na kuinama kidogo, na Onesmo akiwaitikia kwa Kisukuma, "Mwadila!" kana kwamba yuko mnadani Bariadi, nao wakicheka na kuinama tena.

"Ona wenzako wanavyosalimu kwa adabu," Benedikta alimwambia. "Wewe ukiamka unauliza chai iko wapi."

Pembeni mwa barabara mama mmoja alikuwa akitwanga papai bichi kwenye kinu, pamoja na pilipili na karanga. Evalina alisimama, akamwomba mchi kwa ishara. Yule mama akampa. Evalina akatwanga kama tunavyotwanga sisi, akiuachia mchi hewani na kuudaka, na watu wakajaa kutazama. Mimi nilitazama jasho lililoshuka shingoni mwake. Mistari miwili ilinijia palepale, mizuri. Nikaimeza pamoja na lile papai, na pilipili ikanitoa machozi.

"Huyu anakula kama yuko kwenye mtihani," Benedikta alisema. "Mihayo, jibu limekukwama wapi?"

Evalina alinitazama, akangoja. Nikaomba maji.

Ikawa hivyo kila mahali. Pattaya palikuwa na makelele na sikupapenda. Lakini asubuhi moja tulikaa ufukweni sisi wawili, Evalina akinisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akirudi ziwani alfajiri na taa za karabai bado zinawaka, na nikatamani asubuhi ile isipande kuwa mchana. Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyowahi kuwa, na bado nilimkumbuka, kama mtu anavyomkumbuka aliye mbali. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Kwenye kijisiwa cha Krabi tulipanda upande wa pili wa mawe, mahali penye kivuli. Tukakaa. Bahari ilikuwa ya kijani, mashua zikipita na shada za maua zimefungwa puani.

"Watu wa Mwanza watakuwa nyumbani nikirudi," Evalina alisema.

"Najua."

"Baba anasema ni watu wazuri."

"Malori yao mazuri."

Alicheka. "Una wivu na malori?"

Nilisema mashua ile ya njano inakwenda mbio. Akageuka akaitazama ile mashua mpaka ikapotea. Tulipoinuka na kuzunguka jiwe ili turudi, mchanga haukuwepo. Pale tulipopita tumekunja suruali, palikuwa na maji matupu, yakienda kwa kasi kuelekea nchi kavu.

Evalina alishika kiuno. "Maji yamerudi."

"Ulisema hayaendi popote."

"Ziwa haliendi popote! Unaliacha asubuhi, unalikuta jioni. Hili la kwao lina wazimu." Alitafuta Wazungu kwa macho. Walikuwa wameondoka zamani, wao walijua. "Haya, si mbali. Tuogelee."

"Tangulia."

"Kwa nini nitangulie?"

"Nataka kukaa kidogo. Upepo wa hapa ni mzuri."

Alinitazama toka juu hadi chini. "Mihayo. Hujui kuogelea."

"Sijasema hivyo."

"Basi ingia."

"Nitaingia nikitaka."

Hakucheka. Laiti angecheka, ningekasirika na mambo yangekuwa rahisi. Alisogea, akasimama mbele yangu, maji yakilamba vidole vyetu.

"Sema neno moja tu," aliniambia polepole, "nami nitakaa hapa mpaka haya maji yaondoke tena. Lolote. Sema hujui kuogelea. Au sema lile lingine."

Meno yangu yalikuwa yameshikana. Nilihesabu maneno yote niliyowahi kuyatoa harusini kwa watu wasionihusu, na hakuna hata moja lililonyanyuka.

Alifunga khanga yake kichwani kama kilemba, akaingia majini kama mtu anayeingia chumbani kwake, akaenda.

Nilikitazama kichwa kile kikipungua. Nilimwona akisimama ng'ambo, akikamua khanga, akikaa peke yake mchangani mbali na mwavuli. Kati yetu palikuwa na upana kama wa bonde la kwetu Ngulyati. Na hapo, jamani, kifua changu kikafunguka. Umbali ule niliujua. Nilipanda juu ya jiwe, nikaweka viganja mdomoni, nikamrushia kwa sauti ya machungani, kwa Kisukuma, yote niliyokuwa nimeyameza tangu Bangkok. Kwa Kiswahili yangekuwa hivi:

Evalina wa ziwani,
umenitoa porini,
sina ng'ombe akilini,
ni wewe tu, jina lako.

Nikarudia. Ufuko mzima ukasimama. Watu waliokuwa wamelala waliinuka, mtoto mmoja akapiga makofi. Onesmo alitoka mbio hadi kwenye maji.

"Msukuma asiye na ng'ombe akilini!" alipaza sauti. "Baba yako asisikie, atakufukuza!"

Evalina alisimama. Hakupunga mkono, hakukimbia. Alisimama akinielekea mpaka nilipomaliza.

Onesmo alimtafuta mwenye mashua aje kunichukua. Mzee wa Kithai alinishika mkono kunipandisha kama bibi harusi, nikaukubali mkono wake. Tulipofika nchi kavu nilimwendea Evalina moja kwa moja, nimelowa hadi magotini.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Una sauti nzuri."

"Basi nijibu."

"Nikujibu nini? Umesema mbele ya wageni ambao hakuna hata mmoja anayejua umesema nini. Wengine walidhani unauza samaki."

"Wewe umejua!"

"Mimi nilijua tangu Bariadi." Aliikung'uta khanga yake mchanga. "Hapa maneno ni bure, Mihayo. Kayaseme Lamadi, mbele ya baba, mahali ambapo yanaweza kukuaibisha."

Niliwaka. Nikamwambia sikuzaliwa kuombaomba. Akasema vizuri, asiyeomba hanyimwi. Hatukuzungumza tena. Tuliporudi Bangkok nilibeba mafurushi ya magauni kutoka soko la Pratunam hadi hotelini, mbele yangu yeye akibishana bei kwa vidole na kicheko, na kila alipogeuka kuona kama bado nafuata, nilijifanya natazama majengo. Nilimkasirikia na kumtamani kwa pumzi ileile. Kwenye ndege alilala, kichwa kikaangukia begani kwangu. Sikusogea mpaka mkono ukafa ganzi.

Basi la kutoka Mwanza lilisimama Lamadi jua likiwa bado juu. Akina mama walileta sinia za samaki madirishani. Evalina alishusha begi lake, akamkumbatia Benedikta, akampa Onesmo mkono. Kwangu alisema, "Haya, safari njema," akitazama viatu.

Nilimwona akishuka. Kondakta akagonga bodi.

"Mihayo," Benedikta aliniambia, "hiyo miguu imekufa?"

Nilishuka basi likiwa limeanza kutembea.

Watu wa Mwanza walikuwa wamekwisha kufika. Watu wazima wawili wenye makoti, wamewekewa viti barazani na soda mbele yao. Baba yake Evalina, mzee Kasmiri, alikuwa amekaa nao, nyavu zimeanikwa nyuma yake. Mimi nilikuwa na fulana ya Krabi yenye picha ya tembo, na begi begani. Nilisalimu. Mzee akaitikia, akauliza kama nimemsindikiza binti yake.

"Hapana, baba," nikasema. "Nimekuja kwa haja yangu. Jina langu Mihayo, kwetu Ngulyati, nanunua pamba Bariadi. Nampenda Evalina. Naomba asiwajibu hawa wageni kabla hujanisikia mimi."

Mmoja wa wale wageni alicheka mpaka soda ikamwingia puani.

"Kijana, umekuja kuposa na tembo?"

"Kwenu hakuna wazee?" mwenzake akauliza.

"Wapo."

"Wanajua uko hapa?"

"Bado. Nimeshuka kwenye basi sasa hivi."

Walicheka wote wawili. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Jibu kali nilikuwa nalo, tena la vina, lingewafanya watu wa Lamadi wawacheke wao mwaka mzima. Nililiacha. Nilibaki nimesimama mbele yao wanicheke. Mzee Kasmiri peke yake hakucheka. Alimwita binti yake.

Evalina alitoka, akapiga magoti, akawasalimu wageni wa baba yake mmoja mmoja. Kisha akasema, macho chini, lakini kila mtu akisikia:

"Baba, hawa wamekuja kwa heshima, sina neno baya juu yao. Warudi kwa heshima, wamwambie mwenzao asinisubiri."

Hakuna aliyecheka tena.

"Na huyu?" mzee aliuliza.

"Huyu hajaja, baba. Mtu akija peke yake hajaja." Akasogeza chupa tupu ya soda. "Aje na wazee wake."

Mzee Kasmiri alinitazama muda mrefu, kama anayekadiria uzito wa samaki kwa macho. "Sasa watu wako mashambani," alisema mwishowe. "Mavuno yakiisha, waje. Mpaka hapo sitaki kukuona hapa, wala yeye hatarudi dukani Bariadi. Mmetembea vya kutosha."

"Sawa, baba. Wabeja," nikamshukuru kwa Kisukuma.

Nilitaka Evalina anitazame mara moja tu kabla sijaondoka. Alikuwa amepiga magoti bado, akikusanya chupa za soda, na nikasikia chupa zikigongana. Hakunitazama. Mbele ya baba yake asingeweza, na ndivyo ilivyopaswa.

Nikarudi njia panda. Mahindi yalikuwa hayajafika hata magotini, na pamba ndiyo kwanza inapaliliwa. Magari ya Bariadi yalikuja, makonda wakiniita, mmoja akanishika hadi begi. Kila mara nilisema ngoja kidogo, nalipanda linalofuata. Kutoka pale barabarani, ukisimama karibu na kibanda cha muuza samaki, uliweza kuliona bati la nyumba yao, na moshi wa jikoni ulioanza kupanda. Nilitaka kujua kama ni yeye anayewasha moto.