Onyo la Thelathini na Nane

Redempta alikuwa ameyachoka yale maandishi ya njano. Tangu asubuhi, chumbani kwake mtaani Soweto, kila alipoendesha skripti, yaani faili ya amri, inayounda programu ya tangi la kupozea maziwa, kompyuta ilimtapikia maonyo arobaini na moja. Wenseslaus, aliyeifanya kazi hiyo kabla yake, alikuwa ameyaficha yote kwa mstari mmoja, eti wajumbe wa bodi ya ushirika wakiona njano wanadhani kitu kimeharibika. Ndivyo tulivyo, bora isionekane. Redempta aliufuta ule mstari, na sasa alikuwa anayaona yote.

Mengi yalikuwa upuuzi mtupu. Faili imehamishwa, amri imepitwa na wakati. Aliyarekebisha moja moja, macho yakimuuma, chai imepoa mezani. Jioni hiyo bodi ilitaka jibu la swali moja tu: je, king'ora cha tangi, kinachopaswa kulia maziwa yakipata joto, kinaweza kuyalinda peke yake? Akijibu ndiyo, Mama Theopista, mtunza tangi kule Kibosho, angeachishwa kazi. Jibu alikuwa nalo tayari. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu aipokee kazi ya Wenseslaus, bila hata lita moja kuharibika.

Onyo la thelathini na nane lilisema kiwango cha joto kimetajwa lakini hakitumiki popote. Alilisoma mara tatu. King'ora hakikuwahi kupewa kiwango. Kisingelia hata maziwa yangechemka.

Basi nani aliyeyalinda? Alimpigia Theopista simu, akamwamkia, akamuuliza. Mama yule akaeleza bila haraka kwamba kila alfajiri hupima joto la maziwa kwa mkono wake, na umeme ukikatika huwasha jenereta.

“Kwa hiyo ulijua hakilii, mama?”

“Nilijua, mwanangu. Nilidhani umekizima makusudi ili nisifukuzwe. Nimekuwekea nia ya misa mara mbili, uombewe.”

Redempta aliona aibu, aibu ya kweli, maana katika miaka hiyo yote hakuwahi hata kumfikiria.

Marekebisho yalihitaji mstari mmoja tu. Akauandika, akaujaribu, ukafanya kazi. Sasa, kwa mara ya kwanza, jibu la ndiyo lingekuwa kweli. Akafungua barua ya bodi, akaandika hapana, na chini yake akaeleza ni nani aliyekuwa akiyalinda maziwa yao.