Kikombe Nyuma Yangu

Mume wangu Ghaith alitoka asubuhi kwenda kutazama kiwanja Kerege, na miezi mitatu ikapita hajarudi. Alikuwa mwalimu wa fizikia. Kila alasiri, hapa sebuleni, alibishana na mdogo wake Masoud, muuza vitambaa, mpaka kahawa ikapoa.

Ghaith alishikilia kwamba chembe ndogo kabisa, kabla ya kupimwa, haina mahali. Si kwamba hatupajui ilipo. Mahali penyewe hapapo. Masoud alimjibu kuwa Mungu anapajua, na kutojua kwetu hakuondoi kitu.

"Je, mwenzangu akipima ndani ya chumba kilichofungwa, asiniambie?" Ghaith alimuuliza. "Kwake jambo limekwisha. Kwangu mimi niliye nje, bado majibu yote mawili yapo."

Niliwacheka wote, nikauliza kama sukari nayo hungoja nifunue kopo ndipo iishe.

Sicheki tena. Porini kuliokotwa mwili usiotambulika, Masoud akatoa mate yake yapimwe vinasaba. Majibu yalipokuja, nilimwambia aiweke bahasha dukani kwake, asiifungue. Mama mkwe, Bi Shamsia, alilia kwamba kama ni mwanawe anataka kumzika. Watu wakasema nimerukwa na akili. Waseme, hawakujua yaliyokuwa yakitokea nyumbani kwangu.

Tangu bahasha ije, kila alasiri nilimimina kahawa, nikaiweka mezani, nikakaa nimekipa kikombe mgongo. Nilikisikia kikiinuliwa. Nilimsikia akivuta funda kwa kelele, tabia niliyoichukia miaka tisa. Nikigeuka hapakuwa na mtu, ila kikombe kitupu na machicha ya kahawa ndani yake. Niliogopa, na nilifurahi. Bahasha ikibaki imefungwa, naye atabaki.

Alhamisi nimekaa hivyo, uso mlangoni, Masoud akapiga hodi. Nikamkaribisha. Yeye ambaye siku zote huingia kabla sijamaliza kuitikia, alisimama nje ya kizingiti, macho chini. Akaweka mfuko wa mchele mlangoni, akarudi nyuma hatua mbili.

Mwanamke akiwa katika eda ya kufiwa na mume, shemeji yake haingii kwake, na Masoud hana mchezo na mambo ya dini. Alikuwa ameifungua bahasha. Nilijua, na nikakataa kujua.

Nyuma yangu kikombe kikainuliwa.

"Usiseme," nikamwambia. "Hujaniambia kitu. Nenda."

"Sijasema, shemeji."

Funda likavutwa, refu. Masoud naye akalisikia. Akainua macho, akatazama juu ya bega langu.

"Kahawa ile," akauliza polepole, "umemmiminia nani?"

Niligeuka. Kikombe kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, baridi, na utando juu yake. Nilimchukia Masoud kwa jicho lile kuliko kwa bahasha. Kisha nikamwambia akamwite mama yake, nami nikaingia chumbani kutafuta nguo nyeupe za eda.