Taa Chini ya Mtulinga

Jumanne moja ya Februari, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Sirkku Raappana alizima seva ambayo haikupaswa kuzimwa. Alikuwa jikoni kwake, miguu ndani ya soksi za sufu, kahawa mkono wa kushoto na kipande cha mkate mtamu wa iliki kando ya kibodi. Seva yenyewe ilikuwa kilomita ishirini na mbili kutoka hapo, katika kiwanda cha zamani cha maziwa cha Lamminkoski. Siku hizi kiwanda hicho hakina maziwa wala harufu yake. Kina makabati ya kompyuta na feni zinazovuma usiku na mchana.

Kazi ya Sirkku ilikuwa kuziangalia mashine hizo kwa mbali. Ndani ya kila seva mna kompyuta nyingine ndogo, haizidi kiganja, iliyowekwa kumlinda mkubwa wake. Seva ikizimwa, hiyo ndogo hubaki macho. Sirkku aliingia humo kwa nywila, akakuta skrini nyeusi isiyo na picha wala kitufe cha kubonyeza. Mtu huandika amri kwa maneno, mstari mmoja, na mashine humjibu kwa mstari mmoja. Aliweza kuiuliza joto lake, kasi ya feni zake na mambo yaliyoipata tangu juzi. Aliweza kuiwashia taa ndogo ya buluu usoni, ili fundi aliyeko ukumbini aone ni ipi yenye kasoro, asije akafungua nyingine. Na aliweza kuizima papo hapo, kama mtu anayechomoa waya ukutani.

Asubuhi hiyo seva ya kumi na nne ilihitaji kubadilishiwa kipande. Fundi wa ukumbini, Veijo Tolonen, alikuwa amesimama mbele ya kabati na bisibisi yake, anangoja. Sirkku alikuwa na madirisha mawili wazi kwenye skrini: moja la mashine ya kumi na nne, jingine la mashine ya arobaini na moja, ambayo alikuwa akiifuatilia joto tangu jana yake. Aliandika amri ya kuzima, akabonyeza, ndipo akasoma jina lililo juu ya dirisha.

Mashine ya arobaini na moja ndiyo iliyopokea simu za vikuku. Wazee wa Lamminkoski wanaoishi peke yao huvaa kikuku chenye kitufe. Mtu akianguka, hubonyeza, na nesi hujua. Sirkku aliiwasha tena kabla hajaweka kikombe chini. Lakini mashine iliyozimwa ghafla huamka kwa manung'uniko. Ilianza kukagua diski zake moja baada ya nyingine, na ukaguzi huo ulichukua dakika hamsini na mbili. Katika dakika hizo Martta Pyykkönen, mwenye miaka themanini na minne, aliteleza jikoni kwake, akavunjika nyonga, akabonyeza kikuku mara thelathini na moja. Alipona. Ila hakurudi tena nyumbani kwake. Alipelekwa kwenye nyumba ya wazee, na paka wake akachukuliwa na watu wa wilaya nyingine.

Mchana meneja, Pasi Haverinen, alimpigia Sirkku simu.

"Arobaini na moja ilizimika. Unajua kwa nini?"

"Bado naangalia."

"Veijo alikuwa ukumbini, siyo? Makabati yale yanapeana migongo. Hawezi kuwa amegusa waya wa umeme?"

Nje ya dirisha jirani alikuwa anasukuma theluji kutoka kwenye njia ya gari lake. Sirkku alimtazama mpaka akafika mwisho wa njia na kugeuka.

"Inawezekana," alisema.

Haverinen alishukuru, akakata simu. Sirkku alirudi kwenye skrini nyeusi, akaandika amri ya kufuta kumbukumbu ya matukio. Ikafutika yote. Ukabaki mstari mmoja tu, ambao mashine huuandika yenyewe na haukubali kuondolewa: kumbukumbu imefutwa, saa saba na dakika tano.

Veijo alikuwa na miaka sitini na mmoja. Aliingia katika jengo lile akiwa wa miaka kumi na tisa, akijaza maziwa kwenye chupa, na kiwanda kilipofungwa akajifunza kompyuta ili asilihame. Alipoitwa kuoneshwa ripoti iliyosema aligusa waya, hakubisha. Aliisoma hadi mwisho, akairudia, kisha akaitazama mikono yake juu ya meza.

"Sikumbuki kugusa kitu," alisema. "Lakini mtu atakumbukaje kitu ambacho hakukijua? Labda niliugusa."

Sirkku alihudhuria kikao hicho kwa kompyuta, kamera yake ikiwa imefungwa. Alisikia kiti cha Veijo kikisukumwa nyuma.

Taa ilianza kuwaka Ijumaa, siku Veijo alipopokea barua ya kuachishwa kazi. Ilikuwa chini ya mtulinga wa kushoto wa Sirkku, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ndani ya ngozi, ukubwa wa punje ya dengu, ya buluu, ikiwaka na kuzimika mara moja kila sekunde. Aliiona kwenye kioo akipiga mswaki. Akamaliza kupiga mswaki. Kisha aliingia kwenye mashine ya arobaini na moja, akaiuliza hali ya taa yake. Ikajibu kwamba taa imezimwa. Akaandika amri ya kuizima hata hivyo, na mashine ikajibu: sawa, imezimwa. Kifuani iliendelea. Alijaribu kwenye mashine zote sitini na mbili, kwa zamu, mpaka wakati wa chakula cha mchana, na zote zikamjibu kwa adabu kwamba taa zao zimezimwa.

"Inapiga ukutani," alisema mumewe, Ahti, walipolala. "Geukia dirishani, basi."

Nesi wa kituo cha afya aliibonyeza kwa kidole.

"Inauma?"

"Hapana."

"Ina joto?"

"Hapana."

"Basi huo si ugonjwa," alisema nesi, akampa plasta. Taa ilipenya plasta, ikapenya fulana, ikapenya na sweta. Dukani, mwanamke wa kaunta alimrudishia kadi yake na kumwambia, "Taa yako inawaka."

"Najua."

"Haya. Maana wengine huwa hawajui."

Wiki ya tatu Sirkku alikwenda kiwandani kwa kazi ambayo haikufanyika kwa mbali. Fundi mpya, Raakel Moilanen, mama wa makamo aliyewahi kutengeneza lifti, alimkuta kwenye chumba cha kahawa. Aliweka bisibisi mezani.

"Nimeambiwa nifungue yenye taa ya buluu. Ni wewe?"

"Nadhani wanasema mashine ya kumi na nne."

"Kumi na nne haina taa. Nimeizunguka mara mbili."

Sirkku alifungua kompyuta yake, akaandika amri, akaiwashia taa ile ya kumi na nne. Raakel aliichukua bisibisi. Mlangoni aligeuka.

"Na wewe unamngoja nani?"

Sirkku alisema hamngoji mtu. Akakaa pale mpaka kahawa ikapoa, mkono wake ukiwa juu ya kifua kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

Kwa majuma manne hakwenda kwenye sauna, chumba cha kuoga mvuke, kwenye bwawa la kuogelea, kwa sababu huko hakuna anayeingia na nguo. Jumamosi ya tano aliishiwa na visingizio. Alikaa benchi la chini, pembeni, taulo limebanwa hadi shingoni. Juu yake walikaa wanawake sita, na kati yao bibi mmoja aitwaye Elma, aliyevaa kikuku chake cha dharura na si kitu kingine.

"Toa taulo, mwanangu," alisema Elma. "Balbu ya humu imeungua tangu juzi. Hatuoni hata ndoo."

Sirkku alilitoa. Chumba kikawa cha buluu, kikawa cheusi, kikawa cha buluu. Wanawake walisogea kidogo wapate mwanga, na mmoja akaiona kata ya kuchotea maji iliyokuwa imempotea.

"Ni ya ile siku ya vikuku, siyo?" aliuliza Elma.

"Ndiyo."

"Tulijua tu. Veijo amejaza chupa za maziwa miaka kumi na minane, hakuvunja hata moja. Leo aje agonge waya?"

"Mmemwambia?"

Elma alimwaga maji kwenye mawe ya moto, akangoja mpaka mvuke ukamaliza kelele zake.

"Tumwambie sisi? Hilo ni lako. Halafu tukisema, wakikufukuza na wewe, hivi vikuku atavishika nani? Raakel? Raakel anajua lifti." Alijipigapiga mabegani kwa kitita cha matawi ya mti wa mbetula, kama ilivyo desturi ya sauna. "Ila uso wako ungekuwa na haya zaidi, ningekupenda zaidi."

Sirkku alikuwa na haya mpaka kwenye nyayo za miguu, lakini kwa joto lile kila mtu alikuwa mwekundu.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Haverinen, akakataa kiti.

"Arobaini na moja niliizima mimi," alisema. "Kwa amri, nikiwa jikoni kwangu. Veijo hakugusa chochote."

Haverinen aliondoa miwani. "Una ushahidi?"

"Nina taa."

"Taa naiona. Mji mzima unaiona. Lakini taa inasema kuna kasoro, haisemi kasoro gani. Kumbukumbu ya mashine inasemaje?"

"Imefutwa."

"Imefutwa na nani?"

"Na mimi."

"Imeandikwa kwamba ni wewe?"

Sirkku alifikiri. Wote watano waliosimamia mashine zile walitumia jina moja la kuingilia, kwa sababu majina mengi yalikuwa usumbufu. "Haijaandikwa," alisema.

"Unaona sasa." Haverinen alivaa miwani yake. "Ripoti imesainiwa, imekwenda juu, watu wa bima wamefunga faili. Wewe ni mtu mwema, Sirkku. Umechoka tu. Pumzika siku mbili."

Alipumzika siku mbili. Alipokuwa anashuka ngazi za ofisi alihisi mwili umekuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo, na wepesi huo ulimwaibisha kuliko hata lile neno alilolisema kwenye simu.

Siku ya pili ya mapumziko alikwenda kwa Veijo. Mlango ulifunguliwa na mkewe, Lempi, ambaye aliitazama taa, akamtazama Sirkku, akampisha aingie. Veijo alikuwa ameketi mezani ndani ya nyumba yenye joto, mikono yake ndani ya glavu za sufu. Ukutani zilining'inia saa nne, kazi ya mikono yake mwenyewe, na zote zilikuwa zimesimama. Lempi alimmiminia mumewe kahawa na kumshikia kikombe anywe.

"Veijo, si wewe," alisema Sirkku. "Ni mimi. Niliandika amri kwenye dirisha la mashine nyingine. Nikaogopa, nikanyamaza."

Veijo alimsikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa polepole.

"Ahsante kwa kuja kusema hivyo," alisema. "Si kila mtu angekuja."

"Sikufariji. Ni kweli."

"Ripoti nimeisoma, Sirkku. Ina kurasa tisa. Ndani kuna mchoro: wamechora ukumbi, wamechora makabati, wamenichora na mimi nimesimama. Na kiwiko wamekichora." Aliinua kiwiko chake kidogo amwoneshe. "Watu hawachori kiwiko cha mtu bila sababu."

"Wamechora nilichowaambia."

"Uliwaambia niligusa?"

"Niliwaambia inawezekana."

"Basi. Na iliwezekana." Veijo alimtazama kwa upole, kama anayemwondolea mtoto hofu. "Hukusema uongo wowote. Usijitese."

Sirkku alirudia habari yote tangu mwanzo, na saa, na dakika, na jinsi alivyofuta kumbukumbu. Veijo alimsikiliza tena. Kisha akamuuliza kama ile taa inamwasha ngozi nyakati za baridi, akampendekezea mafuta ya kupaka.

Lempi alimsindikiza hadi kwenye ngazi za nje. Alifunga mlango nyuma yake kwanza.

"Kila Jumapili anakwenda kwa Martta kuomba radhi," alisema. "Martta ameshamsamehe mara tano, na Jumapili ijayo atakwenda tena. Anaogopa kushika kisu, anaogopa kushika usukani."

"Nitakwenda kwa Martta. Nitasema."

"Nenda. Atakusamehe na wewe, anasamehe kila mtu." Lempi alijifunga koti. "Ungesema siku ile, Sirkku. Siku ile alikuwa bado anaijua mikono yake."

Sirkku alikwenda kwa Martta, na Martta alimsamehe, akamuuliza habari za paka. Alimwandikia Haverinen barua mbili, na zote mbili zilihifadhiwa mahali pake. Kiangazi kilipofika na jua likakataa kutua, taa haikuonekana sana, na watu wakazungumza mambo mengine. Oktoba giza liliporudi, polisi mmoja alimsimamisha barabarani kwa kutembea bila kiakisi cha mwanga, akamwangalia vizuri, akasema basi sawa, unaonekana.

Mwezi huohuo alikutana na Veijo na Lempi nje ya duka. Lempi alikuwa amebeba mifuko yote miwili na gunia la viazi. Veijo alimfuata nyuma, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Bado inawaka?" Veijo aliuliza.

"Bado."

Alisogea karibu, akaikodolea macho kupitia sweta kama fundi, kichwa kimeinama upande.

"Ingekuwa zamani ningekufungua nikaangalia," alisema. "Kazi ya skrubu mbili tu hiyo. Lakini kwa mikono hii sithubutu. Naweza kukuharibia kitu."

Lempi aliweka gunia la viazi chini. Alimfungulia mumewe mlango wa gari, akangoja akae, akainama kumfunga mkanda.