Mstari wa Kuazima

Mwanao hajui kughani, anajua kukohoa, Havijawa anamwambia Sikudhani, na Sikudhani anamjibu kwamba afadhali kikohozi cha Rehani kina vina, kuliko huyo Bakora wako ambaye hata salamu anaikariri wiki nzima. Hawa ni majirani zangu, tunaishi ua mmoja, mlango kwa mlango, na leo wanagombania watoto wao, ambao kesho watapambana kwa mistari kwenye uwanja wa shule, mimi nikiwa jaji. Nimechaguliwa kwa sababu hakuna jambo la mtaa huu linalopita bila kupumzika kwanza sikioni mwangu. Kila mmoja ananigeukia, sema wewe, nani mkali. Nawaambia jaji hana mdomo leo, najinyoosha mkekani pale barazani, jua la alasiri linanilalia miguuni, na sauti zao zinapanda, zinashuka, zinapokezana, naapa zinapata mdundo, kichwa changu kinaanza kuitikia, nafumba macho kidogo tu na tayari nimesimama barabarani.

Barabara haina mwisho, kila nikipiga hatua inajikunja inarudi mbele yangu kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Pembeni kasimama mtu mwenye kanzu safi na kofia, ila chini ya kofia hapana uso, pamekaa laini kama ganda la yai. Namwuliza shindano liko wapi, mimi ndiye jaji, nimechelewa. Kitendawili, ananiambia. Tega, namjibu, maana mimi na vitendawili ni damu moja. Nimemfungulia mgeni mlango atoke, nimefika mjini nimemkuta keshajenga. Nasema moshi, nasema harufu ya pilau, nasema panya, anatikisa kofia tu. Nipe mji, anasema. Basi nampa mji ulio karibu, nampa mtaa wetu, na kabla sijafunga mdomo mtaa wetu huo hapo, umegeuka kama uliomo kwenye kioo, milango ya kulia iko kushoto, mabati yako chini na vizingiti viko juu, na watu wamejaa, wamejaa mpaka madirishani, wengine wamekaa juu ya hewa kwa kukosa nafasi, wote wanaita jaji, jaji, na mimi raha inanipanda, jamani, mie nyumba ikijaa napona hata homa. Napandishwa kwenye kiti kirefu kuliko nguzo ya umeme. Sheria ni mbili, yule asiye na uso ananinong'oneza, sijui kwa mdomo upi. Anayeshindwa anaacha uso wake hapa. Na mstari wa kuazima hauna alama, mradi mwenyewe asimame audai.

Rehani anaanza. Binti mwembamba, kajifunga kilemba, anamzunguka Bakora taratibu kama fundi anayempima mteja, halafu anaachia, wajiita bakora, mti wenyewe mpapai, nikikuchovya kidogo walegea kama mkate kwenye chai. Mtaa unalipuka. Mabati yanapiga makofi yenyewe, mtu kaanguka kutoka hewani kwa kicheko, na mimi nimesimama juu ya kiti nimesahau kwamba jaji hachezi. Bakora anangoja watu watulie. Anatabasamu, na tabasamu lake silipendi. Anasema, wewe sindano ya kutu, nani akushike ashone, barua ya posa wameidai kwenu, irudishe watu waione.

Hapo mji wote unapiga ukelele mmoja, na Havijawa kule mbele anapiga vigelegele, na mguu wangu, Mungu nisamehe, mguu wangu unaruka wenyewe kwa sababu mstari ni mtamu. Kisha namwona Rehani. Kafungua kinywa na hakuna kinachotoka, na nyusi zake zinaanza kufutika, moja, halafu ya pili. Waliomposa Rehani walijitoa kimyakimya. Sikudhani aliniambia mimi peke yangu, tukichambua mchele, akanishika mkono akasema lifie hapa. Nami siku ileile nikalipeleka kwa Havijawa, si kwa ubaya, kwa utamu tu, na Havijawa ana mtoto na mtoto ana masikio. Ndipo kitendawili kinapofunguka, kwamba mgeni yule nilimtoa mimi, kwa mlango wa meno yangu. Jaji, toa alama, wanaimba, Bakora, Bakora. Nikikaa kimya Bakora anashinda na watu watanibeba begani. Pua ya Rehani inafifia. Nasimama wima. Mstari ule ni wangu, nasema. Nilipewa niutunze, nikaugawa. Mshindi ni Rehani.

Kelele zinazopanda hapo sijawahi kuzisikia, kiti kinayumba, mtaa unapinduka mabati juu, nyusi za Rehani zinarudi na yeye anacheka huku analia. Bakora kashika pua yake kwa woga, lakini yule asiye na uso anampita. Aliyeshindwa si huyu kijana, anasema, na ananiwekea kiganja shavuni.

Kiganja kipo bado, ila kinanuka vitunguu, ni cha Sikudhani, ameniinamia barazani. Uani kimya. Havijawa haonekani. Namwuliza Rehani kashinda? Si shindano ni kesho, ananijibu, halafu ananitazama muda mrefu mpaka napapasa uso wangu kuhakikisha upo.

Ulikuwa unasema kwa sauti, ananiambia. Nimekusikia mpaka jikoni.

Jua halijasogea hata kidole. Sijui kama hii ndiyo alasiri niliyolalia au ni mji mwingine niliompa mtu. Umesikia nini, namwuliza, na sauti yangu inatoka nyembamba kama ya mtoto. Sikudhani anakwenda mlangoni kwake, anainua pazia, analishikilia juu kwa mkono, na macho yake ni mekundu, labda ya moshi.

Ingia kwanza ule, anasema, nimeshapakua.