Shahidi wa Pili

Bahari ya Maskati asubuhi ile ilikuwa bapa na nyeupe, kama bati jipya lililopigwa misumari pande zote. Iling'aa, ikaunguza macho, wala haikuwa na tundu hata la kupitisha sindano. Nantongo aliitazama kutoka nyuma ya boti, sanduku la barafu likiwa kati ya magoti yake, akasema moyoni: nyumba ninayotumika ina kuta nne, hapa hakuna hata ukuta mmoja, na bado siwezi kutoka.

Mtu akifungiwa chumbani hutafuta mlango. Baharini hakuna mlango.

Miaka miwili ya mkataba wake wa kazi za ndani ilikuwa imekwisha, na juu ya hiyo miwili, miezi minane. Binti yake Nabaggala, aliyemwacha kwao Masaka, Uganda, akitambaa, juzi alituma sauti kwenye simu akiuliza: mama, wewe ni mrefu au ni mfupi? Swali la mtoto tu, lakini lilimkata maini. Na pasipoti yake ilikuwa imelala kabatini kwa mwajiri wake, Bwana Ghaith, huko mtaa wa Ghubra, na ufunguo wa kabati ulikuwa pamoja na funguo za gari, na funguo za gari hazikutoka mfukoni mwa mwenyewe.

Kila alipoomba kurudi kwao alijibiwa kwa upole. Ah, upole ule! Baada ya Idi, Nantongo. Idi ikaja na halua yake, ikaenda. Baada ya Idi kubwa, inshallah. Ikaja na nyama yake, ikaenda. Bi Mahfoudha, mamake Ghaith, mzaliwa wa Unguja, alimshika mkono akamlilia: ukiondoka, mwanangu, nani atanisemesha Kiswahili changu humu ndani, na wajukuu wote wameshakuwa Waarabu watupu? Na Nantongo alimpenda bibi yule, kweli alimpenda. Mapenzi nayo ni kufuli, tena likifungwa halisikiki.

Subira huvuta heri, walimwambia. Hakuna aliyemwambia huivuta kwa mshipi gani.

Leo, Jumamosi, aliletwa baharini, na si kwa kustarehe. Kuna chama cha wavuvi wa burudani, wale wanaokodi boti na nahodha wakapambane na samaki wakubwa, na mwaka huu walikuwa wakimtafuta jodari mkubwa kuliko wote. Sharti lao kubwa ni moja. Fimbo ya kuvulia huguswa na mtu mmoja tu; mwingine akiigusa, hata kwa ncha ya kidole, samaki hahesabiki. Na mashahidi wawili waliokuwa botini watie saini. Wa kwanza ni nahodha. Wa pili angekuwa shemeji yake Ghaith, lakini shemeji aliamka na homa.

"Shahidi wako wa pili yuko wapi?" Nahodha Marhoon aliuliza pale gatini kabla hawajaondoka.

"Huyu hapa," Ghaith alisema, akamwonyesha Nantongo kama anayeonyesha kikapu cha chakula. "Jina lake anajua kuliandika. Khalas, yatosha."

Marhoon, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na Kiswahili cha Unguja kisichochuja, alimweleza Nantongo sharti lile mara mbili, taratibu.

"Umefahamu, binti? Kidole kimoja tu, kazi yote bure."

"Nimeelewa, Kapteni."

Alielewa vizuri kuliko walivyodhani.

Mkabala na mji wa Qurayyat pomboo wakatokea, mamia kwa mamia, migongo ikipanda na kushuka, na wapitapo pomboo ndipo chini yao hutembea jodari. Chambo kikatupwa. Mshipi ukalia. Marhoon akamfunga Ghaith mkanda mpana wa kiunoni, akakaza nyuma, na Ghaith mwenyewe akaipachika fimbo mbele. Na tangu hapo mtu na samaki wakawa wafungwa wa kamba moja.

Nusu saa. Saa nzima. Anavuta, jodari anazama. Anavuta, jodari anazama. Hawezi kukaa, hawezi kujikuna, hawezi kuipokea simu inayolia mfukoni. Nantongo alimmwagia maji kichwani, akamnywesha kwa chupa kama anavyomnywesha bibi dawa zake. Alikuwa karibu naye mno, na usoni mwa mtu yule akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: alitaka kutoka, na hakuwa na pa kutokea.

Akamwonea huruma. Kisha akamkumbuka Nabaggala.

"Baba Ghaith, nataka kwenda nyumbani."

"Si sasa!"

"Ni sasa. Kule kwako nikikuuliza unaenda msikitini, unaenda kazini, unalala. Leo huendi mahali."

"Baada ya Idi, inshallah. Niache, Nantongo, niache!"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nantongo aliiweka chupa chini, akainua mkono wake wa kulia, akausimamisha juu ya fimbo. Haukugusa. Kati ya kiganja na fimbo lingepita yai. Mkono ule ule uliofua, uliopiga pasi, uliopepeta mchele na kubadilisha mashuka ya bibi, mkono ambao mwenye nyumba hakuwahi kuutazama. Sasa aliutazama. Hakuwa na kingine cha kutazama duniani.

"Siku gani?"

"Marhoon! Mwambie huyu!"

"Mimi shahidi, bwana," Marhoon alijibu kutoka kwenye usukani. "Nnatazama."

"Siku gani, Baba?"

Jodari akavuta. Ghaith akapiga goti. "Alhamisi! Wallahi, Alhamisi! Tiketi, pasipoti, vyote!"

Nantongo akaurudisha mkono. Aliurudisha polepole, maana ulikuwa umeanza kupapenda pale.

Jodari alipanda akizunguka, ubavu wa fedha, mapezi ya manjano, jicho moja kubwa likitazama juu. Marhoon akamnasa kwa upembo wa chuma, akamvuta ndani. Nantongo hakushangilia. Aliinama akamfunika jicho kwa kitambaa chenye maji.

Lakini mtu akishafunguliwa mkanda hurudi kuwa yule yule. Walipogeuza kuelekea Maskati Ghaith alikula machungwa, akapiga simu tatu, akacheka. Kisha akasema bila kugeuza shingo:

"Ile habari ya Alhamisi, yule samaki alikuwa kanitoa akili. Mama hatakubali, unamjua. Tuseme baada ya Idi."

Nantongo aligeuka akaitazama bahari. Bati lile lile, misumari ile ile. Ewe bahari, hata wewe?

Gatini jodari akapimwa: kilo tisini na mbili, hajapata kuonekana kama yeye mwaka ule. Watu wakapiga picha. Mtu wa chama akaleta karatasi yake. Marhoon aliisoma yote, akatia saini mahali pake.

"Mimi sikuona mkono ukigusa," alisema. "Lakini nilikuwa kwenye usukani. Aliyesimama karibu ni shahidi wa pili. Muulizeni yeye."

Akampa Nantongo kalamu, na alipompa akanong'ona: "Saini yako, binti. Hiyo haina kabati la kuifungia."

Wakamgeukia wote. Miaka miwili na miezi minane, na hii ndiyo mara ya kwanza wanaume kunyamaza wakingoja aseme. Mtu wa chama akauliza, Marhoon akatafsiri: je, kuna mwingine aliyeigusa fimbo?

Nantongo alimwangalia samaki. Akamwangalia Ghaith, midomo imemkauka kama papa wa kuanikwa.

"Jua lilikuwa kali," alisema. "Nimesahau."

Simu zilizokuwa zikipiga picha zilishuka.

"Karatasi mwisho wake lini?" Nantongo akauliza.

"Ijumaa," Marhoon alitafsiri, na ndevu zake zilikuwa zinacheza.

"Basi iletwe Alhamisi, uwanja wa ndege. Nikishika pasipoti yangu, nitakumbuka."

Akairudisha kalamu, akaliinua sanduku la barafu, akaanza kupanda ngazi za gati. Juu kabisa aligeuka. Bahari ilikuwa bado bapa, bado nyeupe, bado ni bati. Ila pale katikati, jua lilipopiga, aliona tundu dogo, la kupita kidole kimoja. Akasimama akilitazama, akahesabu kwa sauti: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano.