Dakika Ishirini za Mama Nelly

Noela wa chumba cha mwisho anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema Mama Nelly alipika chakula cha jioni cha watu saba kwa dakika ishirini, kompyuta mapajani, simu kaibana kati ya sikio na bega, anamfokea dereva wa lori aliyekwama Isaka, Nelly kamng'ang'ania sketi, na huku mkono wa kulia unakoroga mboga ya karanga. Jasho? Hata tone. Noela anaapa kwa marehemu bibi yake. Alipopiga hodi tu, anasema, chakula kilikuwa tayari mezani, kimezungushiwa vipande vya nyanya kama keki ya harusi, na Mama Nelly anakipiga picha.

Kilikuwa tayari mezani. Hapo Noela alisema kweli. Hayo ya kukoroga hakuyaona, na nyumbani kwa Mama Nelly wanaishi watu watatu, si saba, ila habari ya Noela bila chumvi haimezeki.

Paskazia alimsikiliza akiwa kwenye cherehani, pini tatu mdomoni, anapinda sketi za sare za shule. Hakumjibu. Angejibu angesema kwamba chakula kile kiliiva kwenye jiko lake yeye la mkaa, hapo nje ya mlango wake, na kwamba saa kumi na moja kamili Mama Nelly alikuja na hotpoti yake yenye maua ya bluu, akasema maneno yale yale ya kila jioni: "Mama Mayala, nionjeshe kidogo tu." Kuonja kwa Mama Nelly kulikuwa miiko sita.

Mambo haya yalianza na huruma, lazima isemwe. Mama Nelly, jina lake Bhoke, alikuja Geita kutoka Tarime akimfuata mumewe Chacha, dereva wa mitambo mgodini. Akapata kazi ya kampuni ya mizigo ya Isaka, ile ya kuandikia malori karatasi zao za kwenda Rwanda na Burundi, na anaifanya hapo hapo sebuleni kwenye kompyuta. Kazi ni ya kweli. Madereva wanampigia mpaka anakosa nafasi ya kunywa maji. Jioni ya kwanza Paskazia alipomwona Nelly amekaa kizingitini anatafuna mkate mkavu, alimwita mwenyewe, akampakulia sahani moja na mwanawe Mayala. Tangu siku hiyo Nelly anakula kwa Paskazia, na hilo Paskazia hajawahi kulijutia. Mtoto hana kosa.

Kosa ni la hotpoti.

Maana mwezi wa pili tu tangu ianze kuja, Mama Nelly alifungua kundi la wasapu, akaliita "Jioni Bila Presha". La akina mama wanaofanyia kazi nyumbani. Wakajaa humo wanawake wa Geita, Kahama, Shinyanga mjini, mpaka Mwanza. Kila jioni picha, na chini ya picha mafundisho. Noela alikuwa anamletea Paskazia simu aone. "Mama mwenzangu, usikubali jiko likutawale." "Panga jioni yako asubuhi." "Jipende kwanza, sufuria baadaye." Chini yake wanawake wanapiga makofi ya vidole, wanauliza nsansa inalowekwa muda gani, na Mama Nelly, ambaye mpaka juzi alidhani nsansa ni majani ya chai, anawajibu: "Siri hiyo, wapendwa, nitaitoa kesho." Kisha anagonga ukuta unaotenganisha vyumba vyao. "Eti Mama Mayala, yale majani ya kunde yaliyokauka unayafanyaje?"

Paskazia alikuwa anamwambia. Alimwambia yote aliyoulizwa, na asiloulizwa hakulisema.

Kilichomchekesha zaidi ni hizo dakika ishirini. Dakika ishirini! Mama yake, Paskalina, anachimba viazi vitamu kule Ibadakuli, Shinyanga, mwezi wa sita, anavichemsha sufuria kwa sufuria, anavikatakata, anavianika juu ya jiwe nyuma ya nyumba, na anakaa hapo kufukuza mbuzi huku ndege za abiria zinashukia uwanjani mbele yake. Karanga anamenya kwa vidole mpaka kucha zinauma. Kisha kiroba kinapakiwa kwenye basi, kinafika Geita, Paskazia anatwanga karanga Jumapili baada ya misa, za wiki nzima. Baada ya hapo, ndiyo, zinabaki dakika ishirini. Hizo ndizo Mama Nelly anazozihesabu. Na Paskazia naye anafanya kazi nyumbani, toka asubuhi miguu iko kwenye cherehani, ila yake haiitwi hivyo. Yake inaitwa kukaa nyumbani.

Siku moja alimwomba. Hakuomba kikubwa.

"Mama Nelly, ukiweka picha leo, andika na jina langu. Andika kapika Paskazia."

Mama Nelly akacheka, si kwa ubaya, akamgusa bega. "Mdogo wangu, wewe umeishia la saba. Hao watu wakikuuliza mambo ya lishe, utawajibu nini? Niachie mimi. Wewe pika."

Paskazia akasema sawa. Akaendelea kupika, na kuangalia.

Halafu akatokea Mama Sesilia. Huyu ni mtu mzima, anasimamia jiko la kambi ya wachimbaji huko Nyarugusu, na alikuwa ndani ya kundi muda mrefu bila kusema neno. Siku aliyosema, alisema mara moja. Anatafuta mwanamke wa kushika jiko la jioni pale kambini. Vijana wakitoka duarani, huko chini kwenye shimo, hawasubiri chakula, wanaanza kurusha sahani. Anataka mtu anayejua vyakula vya huku na mwenye mkono mwepesi. Jiko kubwa la gesi lipo, wasaidizi wapo, mshahara wa mwezi upo.

Noela alipomsomea, Paskazia alisimamisha cherehani. Jiko la gesi. Macho yake yalikuwa yameanza kuuma kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, na sare zinaisha shule zikifunguliwa, baada ya hapo ni kungoja watu wachanike suruali. Kupika ndiko alikokuweza kuliko yote duniani. Kazi hii alikuwa ameshaifanya miezi minne bila kuajiriwa.

Kabla hajaomba simu ya Noela ajibu, Mama Nelly alikuwa ameshajibu. Jioni hiyo alikuja na hotpoti na habari.

"Nimetupatia kazi!" Macho yanang'aa. "Utapika wewe, nitasimamia mimi. Jina litakuwa langu, maana mimi ndiye wanayenijua. Wewe nitakukatia chako."

"Na huyo mama akitaka kukuona unapika?"

"Nani ana muda huo siku hizi? Picha ameziona."

Mama Sesilia alikuwa nao. Akaandika: "Nakuja Alhamisi saa kumi na moja jioni. Nipikie yale matobolwa ya karanga uliyoyaweka Jumanne. Mbele yangu. Picha sitaki."

Alhamisi saa kumi Mama Nelly aliingia kwa Paskazia bila hodi, kanga mpya, midomo ina rangi.

"Mama Mayala, nigawie yale makavu ya viazi. Haraka, mdogo wangu."

"Yako nyuma ya mlango. Viroba viwili."

"Nichukue kipi?"

Paskazia akatoa pini mdomoni, moja moja. "Chukua kile ulichopika Jumanne."

Mama Nelly akafungua vyote viwili, akainama. Kimoja kilikuwa na matobolwa, vile viazi vinavyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Vimekauka vikawa na rangi ya asali iliyokaa, vinang'aa kama kucha, havina sura. Ukivimwagia maji ya moto ukavifunika, vimelainika, weka karanga, kula. Kiroba cha pili kilikuwa na michembe. Hiyo inakatwa mbichi na kuanikwa mbichi, nyeupe safi kama chaki, na isipotokota saa nzima na zaidi, bora utafune ubao. Mtoto wa Kisukuma wa miaka mitatu anavitofautisha akiwa mlangoni. Mama Nelly alikuwa ameweka picha za matobolwa mara tano, na amewafundisha wanawake wa mikoa mitatu.

Akachota kile cheupe. "Hiki kinapendeza," akasema. "Kile kingine kama kimechacha."

Neno lilimfika Paskazia ulimini. Hakuwa mtu wa roho mbaya, na neno lenyewe lilikuwa moja tu. Akafungua mdomo.

"Na kitu kingine," Mama Nelly akasema akiwa ameshageuka, bakuli kifuani. "Mgeni akifika usitokeze tokeze uani. Na jiko lako liondoe pale nje, litamchanganya. Funga na mlango."

Paskazia akafunga mdomo. Kisha akaingiza jiko kwenye upenyo wa nyuma, karibu na bafu, akafunga na mlango, kama alivyoagizwa. Akaweka maji yake ya matobolwa motoni, maana Mayala na Nelly walikuwa wameshatoka shule na njaa yao haimngoji mgeni.

Ukuta wa vyumba vile ni wa tofali moja. Alisikia yote. Alimsikia Mama Sesilia akibisha, Mama Nelly akimpa shikamoo ya sauti nyembamba, Noela naye akijikaribisha, eti amekuja kuazima kichujio. Alisikia simu ikitegwa dakika ishirini, na maji yakimiminwa.

"Siri, mama, ni kujipanga," Mama Nelly alikuwa anasema. "Mimi huwa nafungua kompyuta, nafunika sufuria, kufumba na kufumbua..."

"Mm," Mama Sesilia akasema.

Simu ikalia. Kifuniko kikafunuliwa. Karanga zikaingia, kijiko kikagonga, sahani ikawekwa mezani. Kisha kah! Jino limekutana na kitu.

"Nini hiki?"

"Matobolwa, mama."

"Hii ni michembe. Tena mibichi."

"Ndiyo, mama, ni..." Ukuta mzima ulisubiri. "Ni matobolwa ya kisasa."

"Ya kisasa!" Mama Sesilia alicheka kicheko kirefu, cha kutoka tumboni, mpaka akakohoa. "Mwanangu, mimi nimezaliwa Shinyanga. Nimeanika hivi vitu kabla mama yako hajaolewa. Kwenye picha ya Jumanne yalikuwa matobolwa, na aliyeyapika alijua anachofanya. Yuko wapi huyo?"

"Mimi ndiye niliye..."

"Nimekuuliza yuko wapi."

Noela miezi yote alikuwa ameapa kwa bibi yake. Lakini kati ya bibi aliyekufa na habari iliyo hai, Noela alichagua habari. "Mimi sisemi kitu," akasema, "ila hotpoti huwa naiona inatokea chumba cha cherehani."

Paskazia alikuwa anawapakulia watoto mlango ulipogongwa.

"Mwadila, ng'wanone," Mama Sesilia akamsalimu kwa Kisukuma, kama mama kwa mwanawe.

"Mwadila, mayu. Karibu ndani. Shikamoo."

"Marahaba." Mama Sesilia hakukaa. Alimwangalia Mayala na Nelly, vichwa juu ya sahani moja, midomo ina karanga, hawana habari na mtu. Akaomba kijiko. Akala cha kwanza akiwa amesimama. Cha pili akakaa kwenye kitanda. Cha tatu akakilamba kijiko.

"Wewe unatumia dakika ngapi?"

"Sijui, mama. Mama yangu alianza mwezi wa sita."

Mama Sesilia akatingisha kichwa taratibu, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge. "Gari la kambi linapita hapo barabarani saa nane mchana, mtoto akishatoka shule. Njoo naye, jikoni hatakosa sahani. Jumatatu. Na lete kiroba kimoja cha kwenu, tuone kama vijana wangu watarusha sahani tena." Alipofika mlangoni akageuka. "Unaitwa nani?"

"Paskazia."

"Paskazia," akarudia, kama anaandika, akatoka uani kusubiri bodaboda.

Watoto wakaosha mikono. Paskazia akarudisha jiko lake nje ya mlango, pale pale lilipokuwa, akakaa kwenye cherehani. Zilikuwa zimebaki sketi nne.

Dirishani kukaja kivuli. Rangi ya midomo ilikuwa imebaki upande mmoja, na simu mkononi haikuacha kulia ting, ting, ting. Kundi zima lilikuwa linauliza mgeni amesemaje.

"Mama Mayala." Sauti ya chini, ya ndugu. "Mdogo wangu. Yule mama bado yuko hapo nje, bodaboda haijafika. Toka umwambie tu kwamba mimi ndiye niliyekufundisha. Neno moja. Wewe hutapungukiwa na kitu, kazi umeshaipata. Nitaonekanaje mimi kwa watu?" Akangoja. "Paskazia?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

Paskazia aliokota pini tatu kwenye kisahani, akaziweka mdomoni, akavuta sketi chini ya sindano, na kukanyaga.